Siku Nilipokutoa Shuleni Ukanisemee Mahakamani

Faida mwanangu,

Sitakuandikia habari za blanketi. Blanketi unazo, sufuria unazo, na sombe ya majani ya muhogo unajua kuipika tangu zamani, ingawa karanga unazitia kama unalisha kijiji kizima. Mimi nina jambo moja tu, na nitalisema mpaka liishe.

Ijumaa nilikukuta umekaa kitandani, koti lako jeusi la kazi likiwa mapajani, bado lina kikaratasi cha dukani. Ukaniambia, "Mama, nafikiri nitawaandikia. Nitawaambia siendi." Nikakuuliza kwa nini, ukanieleza, nami nikanyamaza. Unanijua, kunyamaza kwangu ni ugonjwa. Ukadhani nimekubaliana nawe. Wapi! Nilikuwa natafuta pa kuanzia, nikapakosa, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sasa ni Jumapili alasiri. Wewe na baba yako mmekwenda kununua begi, kwa kuwa zipu ya lile la zamani imekufa. Niko dukani, mlango nimeurudishia, nimekaa mbele ya cherehani na daftari ninaloandikia vipimo vya wateja. Basi lako la Kimberley linaondoka Park Station, hapa Johannesburg, kesho asubuhi, na mimi nataka uwe ndani yake. Ndiyo sababu ya barua hii, hakuna nyingine.

Naandika Kiswahili makusudi. Mdogo wako Patrick alisema, "Mama, andika kwenye simu, itageuza yote Kiingereza, atasoma mara moja." Nikamwambia aniondokee hapa. Kuna siku niliazima kinywa chako nikasema nacho mambo mabaya. Leo nasema na changu. Wewe soma polepole, neno usilolijua liruke, utalielewa mbele.

Nianze na wale waliokutia hofu. Jumatano walikuja hapa dukani Maman Béatrice wa kwaya na Papa Dieudonné, mzee wa kanisa. Wamevaa vizuri, wamekaa vizuri, wameuliza hali ya kila mtu hadi ya cherehani. Mwisho Papa Dieudonné akakohoa. "Mama Faida, tumesikia mtoto anakwenda kuwa mwendesha mashtaka wa serikali. Serikali hii hii inayotunyima makaratasi. Kesho atawafunga ndugu zake." Maman Béatrice naye akadakia, "Ongea naye. Na kama ni lazima aende, basi akumbuke kwao."

Akumbuke kwao! Nilijua maana yake. Maana yake ni faili lipotee, shahidi asiitwe, mambo yarudi kanisani. Nikamtazama Papa Dieudonné nikamwambia, "Papa, asiye na faili haogopi mwendesha mashtaka." Wakasimama bila kumaliza chai. Yale yale waliyoniambia, wakakuandikia na wewe kwenye simu, wakakuita msaliti. Maneno yao nimeyasoma. Mtu mzima anamwita mtoto wa watu msaliti, halafu anamalizia kwa Mungu akubariki!

Usidhani naitetea serikali. Nimepanga foleni ya makaratasi tangu wewe ukiwa mgongoni, nimefukuzwa kwenye foleni hiyo kama mbuzi aliyeingia shambani, na askari wa mji huu wameniokota barabarani mara mbili na bitenge vyangu. Sijasahau hata kimoja. Lakini serikali ina milango mingi. Kuna mlango ambapo wanauliza, "Una karatasi?" Kuna mwingine ambapo wanauliza, "Nani amekupiga?" Huo wa pili mimi ndiye niliyeufunga, kwa mkono wangu, na watu wetu wakanipigia makofi.

Sifa unamkumbuka. Alikuja kwangu kujifunza kushona akiwa na miaka ishirini na moja, ametoka Fizi kwetu, mwembamba, mcheshi, anatia zipu bila hata pini moja. Mimi ninayeandika hapa sijawahi kuwa na mikono kama ile. Alikuwa mke wa Papa Dieudonné, ambaye wakati huo alikuwa shemasi tu, mwenye sauti nzuri ya kuomba. Asubuhi moja Sifa akaja na taya limevimba. Mwezi uliofuata hakuweza kuinama kuokota uzi. Na siku moja, bila kumwambia mtu, akaenda kituo cha polisi peke yake, Kiingereza hana, karatasi yake imeisha muda, akafungua kesi.

Leo najua kwamba nilipaswa kumpigia magoti kwa ujasiri ule. Wakati ule nilikasirika. Nilisema ametuvua nguo mbele ya wenyeji.

Unajua desturi yetu. Mambo yakiharibika, mamans, wanawake wa kanisa, wanavaa kitenge cha sare, wanabeba chakula, wanakwenda kukaa. Hawagombi. Wanakaa tu, wanaimba kidogo, wanaomba, wanakaa tena. Mwenyeji hawezi kuwafukuza kwa sababu chakula chao ameshakila. Msibani hakuna desturi nzuri kuliko hii. Nilipofiwa na mama yangu kule Uvira nami niko huku, wanawake hao ndio walioniweka hai. Lakini tuliibeba desturi hiyo hiyo tukaipeleka kwenye chumba cha Sifa kule Berea, tukamkalia siku mbili. Wanane sisi, yeye mmoja, na mimi ndiye niliyeongoza. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," nilimwambia. Nilimwambia mumewe akifungwa tutaandikwa wote, kwamba polisi watakuja kukagua makaratasi nyumba kwa nyumba. Siku ya pili jioni akasema, "Sawa, Maman. Kama ninyi munasema hivyo."

Nikuambie na lile ambalo sikumwambia hata baba yako. Sikufanya kwa ajili ya makaratasi. Kiti cha rais wa mamans kilikuwa wazi, na wazee wa kanisa walikuwa wanatazama nani anaweza kumaliza mambo. Nilikitaka kile kiti. Miezi mitatu baadaye nilikipata, na nimekikalia miaka kumi na mitano.

Ikabaki kwenda mahakamani kuiondoa kesi. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Baba yako alisema, "Mtoto aende shule." Nikamjibu ni saa moja tu, nani atanisemea? Tukakutoa darasani na sweta lako la kijani, wenzangu wakabaki koridoni, mimi na wewe na Sifa tukaingia ofisi ya yule mama, mwendesha mashtaka. Viti viwili, kimoja kibovu, mafaili mpaka chini sakafuni. Joho lake lilikuwa limefumuka kwapani. Mimi fundi, badala ya kutazama dhambi yangu, nilikuwa natazama ule mshono.

Nikakuambia, "Mwambie tumemaliza nyumbani. Mwambie Sifa alianguka bafuni."

Ukageuka ukanitazama. "Mama, alianguka?"

"Sema."

Ukasema. Yule mama hakukutazama wewe, alimtazama Sifa, naye Sifa alikuwa anatazama mkoba wake. Mwendesha mashtaka akasema, nawe ukanitafsiria vizuri sana, kwamba kesi hii si ya dada huyu, wala si ya kanisa letu, ni ya nchi, ila bila yeye kusema hakuna shahidi mwingine. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wako, akasema nawe maneno marefu. Nikakuuliza, "Amesema nini?" Ukanijibu, "Amesema sawa. Twende."

Tukatoka. Njiani nilikununulia soda, na hukuinywa.

Yaliyofuata unayajua. Kabla mwaka haujaisha, Papa Dieudonné alimkanyaga Sifa mkono hapo mlangoni kwake, mkono wa kushoto, na vidole vitatu havikunjuki mpaka leo. Hospitali walipomuuliza alisema ameanguka bafuni. Yalikuwa maneno yangu, Faida. Niliyatunga mimi, yeye akayatumia. Hakushona tena. Alihamia La Rochelle, mtaa mwingine wa mji huu, na mimi sikwenda kumtazama. Nilimwombea tu, kwa sauti, kanisani, watu wote wanisikie.

Basi Ijumaa, koti likiwa mapajani, ndipo uliponiambia lile ulilolibeba miaka yote hii. Kwamba yule mama hakusema sawa twende. Alisema, "Mwambie mama yako nimeona kesi kama hii mara nyingi. Mkimrudisha huyu dada kwa mume wake, atarudi kwangu amevunjika. Mwambie sasa hivi, mbele yangu." Nawe uliogopa nitakupiga, ukaficha. "Ningekuambia, Mama, usingemrudisha," ukasema. "Mkono wa Sifa ni wangu. Nitasimamaje mbele ya hakimu nidai watu waseme kweli, mimi niliyeificha?"

Soma hapa polepole kuliko kote.

Nilimsikia.

Nilikuwa nasikia Kiingereza, Faida. Miaka kumi na moja Johannesburg, nauza bitenge kwa wanawake wa Ghana na Nigeria wanaobishana bei kuanzia asubuhi, ulidhani tunabishana kwa ishara? Ulipokuwa shuleni niliwajibu, na waliocheka nilicheka nao. Ulipotoka shule nilikuwa bubu. Kliniki nilikuwa bubu, kwenye foleni ya makaratasi nilikuwa bubu, kwa mwalimu wako nilikuwa bubu. Mtu asiyejua lugha haulizwi mara mbili. Wanamwonea huruma, wanapiga muhuri, anapita. Wengi wetu tulifanya hivyo, na wengine wanafanya mpaka leo, na watoto wetu wakawa ukuta wa kujifichia. Nyumbani nikakataza Kiingereza, watu wakanisifu kwamba nakulinda usipoteze lugha. Kweli nilipenda uijue. Lakini pia niliogopa usije ukagundua.

Yule mama alipoinama akasema nawe, nilisikia neno kwa neno. Nilisikia "amevunjika". Nilikuuliza amesema nini ili nione utafanyaje, na uliponificha nilipumua. Umesikia? Nilifurahi. Mtoto wangu amenisaidia, nikasema moyoni. Ungenitafsiria yote, ningekubana mkono nikakuambia, "Mwambie tumesikia, asante," na tungetoka vile vile. Hukumrudisha Sifa kwa mumewe. Alirudishwa na mtu mzima aliyeonywa, akaelewa, akaenda zake kutafuta cheo.

Ningeweza kukuambia hivyo Ijumaa ile ile. Niliona aibu. Miaka yote ya chuo nilikuona ukisoma vitabu vile vinene vya sheria mpaka macho yanakuwa mekundu, nikajisifu kwa wateja kwamba mtoto ana bidii. Kumbe mtoto alikuwa analipa kosa la mama yake. Nisamehe. Na hata usiponisamehe, panda basi.

Jana nilikwenda La Rochelle. Sifa ana kibanda cha mboga karibu na robot, zile taa za barabarani, anapanga nyanya kwa mkono wa kulia, wa kushoto anauweka ndani ya aproni. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote, na lile la Kiingereza pia. Hakuacha kupanga. Akasema, "Maman, nilijua. Nilikuona usoni siku ile." Miaka yote hiyo, Faida, alijua, na hakumwambia mtu. Nikampa karatasi niliyoiandika na kuisaini, yenye kila kitu nilichokiona na nilichokitenda. Nikamwambia ni yake, akitaka kuipeleka polisi nitakwenda kusimama nyuma yake, akitaka kuichana aichane. Sikukaa. Sikumwimbia. Akaikunja akaiweka kifuani, akasema atafikiri.

Nilipogeuka kuondoka akaniita. "Faida anakwenda lini?" Nikamwambia Jumatatu, kama ataenda. Akasema, "Kule koridoni mahakamani ninyi nyote mulikuwa munaongea. Mutoto alinishika mkono. Mumwambie aende." Kisha akaniuliza kama nataka nyanya. Nikanunua.

Na leo kanisani, wewe ulipobaki nyumbani, baada ya matangazo, nikaomba kusema. Walidhani nataka kukuombea safari, wakapiga vigelegele. Nikapanda mbele na kitenge changu cha urais, nikawaeleza jinsi nilivyokipata. Nilitaja Berea, nilitaja bafuni, nilitaja mkono. Papa Dieudonné alikuwa mstari wa kwanza, amekumbatia Biblia yake. Sikupaza sauti, nilimtazama tu. Maman Béatrice akanivuta nguo kwa nyuma, ananong'ona, "Mambo ya ndani, Mama Faida, mambo ya ndani." Nikamwambia kwa kipaza sauti kwamba ndani ndiko mkono ulikovunjikia. Pasta akawaambia vijana wapige kinanda. Nikakivua kitenge cha sare, chini nilikuwa na gauni langu, usicheke, nikakikunja nikakiacha pale kwenye kiti. Nilipotoka wanawake wawili walinifuata nje. Mmoja ana alama shingoni. Kesho nikitoka kukusindikiza tutakwenda naye kituo cha polisi, na nitamsemea mimi mwenyewe, kwa Kiingereza changu kibovu.

Watanisema mpaka wachoke. Wateja nitapoteza, najua, tangu mchana huu wawili wameshanipigia simu kwamba watachukua vitambaa vyao. Waje wavichukue. Nimeogopa watu hawa miaka ishirini na sita na sikupata chochote ila kiti.

Kuhusu kazi, mimi sina la kukufundisha. Aliyekufundisha ni yule yule mama wa joho, ambaye ulimtafuta mwenyewe ulipofika chuo kikuu, nami nikajifanya sijui kwa nini. Uliniambia habari zake kidogo kidogo. Kwamba alitoka kwenye kile kiofisi akapandishwa mahakama kuu, akaitwa Pretoria kuwashauri wakubwa, wakamtaka aitupe kesi ya mtu mzito akakataa, wakamrudisha chini kwenye kiofisi kama kile cha mwanzo. Watu wakasema amekwisha. Ulipomuuliza alisemaje? "Wakinipandisha nafungua faili, wakinishusha nafungua faili." Nililipenda neno hilo, nalisema peke yangu nikiwa nashona. Wewe nawe watakupandisha, watakushusha, watakuita msaliti kwa Kiswahili na mgeni kwa Kizulu. Kule Kimberley watauliza jina hilo Faida ni la wapi. Waambie.

Usitafute kuwa safi ndipo usimame mbele ya hakimu. Ukingoja waendesha mashtaka wasiowahi kuogopa, mahakama zitafungwa. Mtoto aliyeogopa mama yake, akasema uongo, akakaa miaka kumi na mitano hawezi kulala nao, huyo ndiye ningependa alishike faili langu kama ningekuwa Sifa.

Nawasikia wewe na baba yako mnabishana juu ya begi huko nje, kwa hiyo namaliza.

Watakuja kwako watu kama mimi. Hawaji na bunduki, wanakuja wameoga. Mama mnene mwenye kitenge cha sare, msichana aliyeinamisha kichwa, na mtoto wa shule wa kutafsiri. Mama atakuambia kwa kinywa cha mtoto kwamba wamemaliza nyumbani. Mtoe mtoto kwanza. Mpeleke kwa mtu mwema, mpe chai, mwambie hana kosa, na umwambie mara mbili kwa sababu ya kwanza hataamini. Msichana naye mkalishe chumba kingine, ongea naye peke yake. Kisha rudi, funga mlango, kaa mbele ya yule mama, useme naye kwa Kiingereza, taratibu, ukimtazama machoni.

Anasikia.

Mimi mama yako,
Mapendo